Beba Swali Kabla Hujabeba Begi

Hotuba hii niliitoa mwezi uliopita kwa wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa mwisho na wa shahada ya uzamili, hapa Dar es Salaam. Wengi mlikuwa mikoani kwa mafunzo ya vitendo, mkaomba niiweke yote. Nimeiacha kama ilivyotoka mdomoni. Picha za ukutani tu ndizo zimebaki kwenye kompyuta yangu, na hamjakosa kitu.

Mwenyekiti wa kikao, wahadhiri wenzangu, mafundi sanifu wa maabara na karakana, wanafunzi, wageni waalikwa: itifaki imezingatiwa. Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Na ambao sijawagusa, habari za mchana.

Nimepewa kichwa cha habari kirefu kama treni ya mizigo: fursa za ajira ya kitaaluma na utafiti katika sayansi na uhandisi wa malighafi. Nikamuuliza aliyenialika, hawa vijana hasa wanataka kujua nini? Akacheka, akasema, "Wanataka kujua kama kazi zipo, na skolashipu zinapatikanaje." Basi tuanzie hapo tusizungushane.

Kazi zipo, na ni chache. Ngazi mnazijua: mkufunzi msaidizi, mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Ukitoka shahada ya kwanza na GPA chini ya 3.8, mlango wa kwanza wa ngazi hiyo ni mgumu kufunguka. Ukiwa nayo, bado mpo wengi mlangoni. Ufadhili wa masomo nao upo, wa Wajerumani, wa Jumuiya ya Madola, wa Wachina, wa Wakorea, na matangazo yake anayasoma kila mwenye simu na bando. Sina la kuwaongezea hapo. Kwa kichwa cha habari nilichopewa, nimemaliza, mnaweza kwenda kula.

Mbona hamwendi?

Haya. Kama mmebaki, nitawaambia lile ambalo mimi sikuambiwa nilipokuwa nimekaa kwenye viti kama hivyo vyenu. Mtu akija ofisini kwangu na fomu ya skolashipu nimwandikie barua, swali langu huwa moja: unaenda kutafuta nini? Tisa kati ya kumi hunijibu, "Naenda kusoma PhD." Nauliza tena: unaenda kutafuta nini? Hunitazama kama vile nimekosa usingizi.

Nifafanue kwanza fani, maana naona kuna wageni, na hata jina letu lenyewe halijatulia. Kuna wanaosema sayansi ya mata, kuna wanaosema uhandisi wa nyenzo, na fundi wa mtaani kwangu huita kila kitu matirio, kuanzia mchanga mpaka misumari. Mimi leo nitasema malighafi, ingawa nondo iliyokwisha kupita kiwandani ina ughafi gani tena? Tuvumiliane. Kazi yenyewe ni kuuliza kitu kimetengenezwa kwa nini, ndani kimepangika vipi, na kwa nini kinabeba mzigo, kinapitisha umeme, kinashika kutu au kinavunjika. Beseni la plastiki la mama yako likikaa juani miaka miwili, siku moja ukilinyanyua linapasuka kama biskuti. Jua limelifanya nini? Ukiuliza hivyo na ukakataa kulala mpaka ujue, umeshaingia kwenye fani.

Sasa nianze na aibu yangu.

Mimi nilikwenda Ulaya na begi. Swali nililikuta huko huko, mezani kwa msimamizi wangu, limeshapangwa na kulipiwa. Lilihusu tando za metali, nyembamba kuliko unywele mara elfu, zinazotengenezwa ndani ya chemba iliyonyonywa hewa yote. Swali zuri kabisa. Nililipenda. Nikafanya kazi, nikapata shahada ya uzamivu, nikarudi nyumbani na picha nyingi nimesimama kando ya mashine.

Nyumbani chemba ya namna ile haikuwepo. Na hata ingekuwepo, umeme ungekatika mara mbili kabla ya chakula cha mchana. Nikakaa miaka sita. Nafundisha, nasahihisha mitihani, nahudhuria vikao, naandika maombi ya kununua mashine ambayo kila mtu alijua haitanunuliwa. Makala nilizochapisha miaka ile zilikuwa mabaki ya data za Ulaya. Nilizikata nyembamba nyembamba, kama mama mwenye shughuli anayegawa keki baada ya kuona wageni wamezidi. Mwaka wa tano keki ikaisha.

Nani alinikosea? Msimamizi? Hapana, alinifundisha kwa moyo. Serikali? Tungeweza kulalamika mpaka jioni. Swali halikuwa langu, ndugu zangu. Nililiazima, na kitu cha kuazima unakiacha kwa mwenyewe ukiondoka.

Mwaka wa saba nilikwenda msibani Ifakara. Mnaoifahamu Ifakara mnajua, ni nchi ya mpunga. Jirani na nyumba ya msiba palikuwa na mashine ya kukoboa, na nyuma yake kilima cha pumba kirefu kuliko paa, kinafuka moshi polepole, hakizimi, hakiwaki. Asubuhi ya pili nikamwona fundi mmoja anachota majivu pale, anachanganya na chokaa na mchanga, anaziba nyufa za ukuta wa banda la kuku. Nikamsogelea. Nikamuuliza, kwa nini majivu? Akasema saruji ghali. Nikauliza, na yanashika? Akanijibu hivi, na hili ndilo lililonibadilishia maisha: "Yanashika, ila siyo kila siku. Haya ya leo yatashika. Ya wiki iliyopita yalikuwa meupe mazuri, nikapiga lipu, ikamong'onyoka yote. Wewe msomi, hebu niambie kwa nini."

Wewe msomi, hebu niambie kwa nini.

Sikuwa na jibu. Nilisimama pale na kanzu ya msibani na shahada yangu ya uzamivu, sina jibu.

Nikipiga hesabu kidogo mtaona ukubwa wa jambo. Chukua mpunga kilo 100, ukoboe. Takribani kilo 20 zinatoka pumba. Zichome pumba hizo, unabaki na kama kilo 4 za majivu. Majivu hayo, kwa kiasi cha asilimia 85 hadi 95, ni silika, yaani kitu kile kile kilichomo kwenye mchanga na kwenye kioo. Mpunga unainyonya udongoni ukiwa shambani na kuijenga ndani ya ganda. Na saruji inapochanganywa na maji hutoa chokaa pembeni, chokaa ambayo haisaidii sana kubeba mzigo. Silika ya majivu ikikutana na chokaa hiyo, huungana nayo na kuwa gundi, gundi ya aina ile ile inayofanya zege liwe zege. Kwa hiyo unaweza kupunguza saruji na kuweka majivu badala yake. Na saruji, kwa wasiojua, hupikwa kwenye tanuri la nyuzi 1,450 hivi za Selsiasi, na mawe ya chokaa yanapoungua hutoa hewa ya ukaa yenyewe, achilia mbali ile ya kuni au makaa. Ndiyo maana saruji hubebeshwa asilimia 7 au 8 ya hewa ya ukaa inayotolewa na binadamu duniani.

Yote hayo yalishaandikwa na watu wengine kabla yangu. Ilikuwaje basi majivu ya fundi yashike leo, yasishike kesho? Hilo lilikuwa la pale, nyuma ya mashine ile.

Nikarudi Dar na magunia matatu juu ya basi. Kondakta alinitoza nauli ya mizigo huku ananisikitikia.

Na hapa ndipo aibu ya pili ilipoanza, maana mimi nilikuwa sijawahi kushika tanuri la kizamani. Siku ya kwanza nilipanga vikombe kumi na mbili vya kauri, nikaviandika kwa maki peni: A1, A2, A3, mpaka A12. Nikaviingiza, nikapandisha joto mpaka nyuzi 700, nikaenda nyumbani nimejaa matumaini. Asubuhi nafungua, vikombe vyote vyeupe pe. Wino wote umeungua! Kumi na mbili, na sijui kipi ni kipi. Fundi sanifu wetu wa karakana, ambaye sote tunamwita Babu, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanifinyangia vipande vidogo vya udongo kama sarafu, akachora namba kwa msumari kabla havijakauka, akasema kila kikombe kiingie na sarafu yake. Mpaka leo tunafanya hivyo.

Miezi mitatu nikachoma, nikasaga, nikachanganya, nikamimina vipande vya majaribio, nikasubiri siku 28 kama kanuni inavyotaka, nikavivunja kwenye mashine. Matokeo yalikuwa ya kichaa. Kipande hiki kigumu kuliko cha saruji tupu. Kingine, majivu yale yale, joto lile lile la 700, kinasagika kama udongo wa kichuguu. Nikabadilisha maji. Nikabadilisha mchanga. Nikamlaumu mwanafunzi wangu, na hili najutia, maana alikuwa binti makini kuliko mimi. Mwishowe nikafunga sampuli kwenye bahasha, nikamwomba rafiki yangu ng'ambo azipime kwa miale ya eksirei, namna ya kutambua mpangilio wa ndani wa kitu. Nikasubiri majibu miezi minne.

Majibu yakaja. Nusu ya sampuli zilikuwa vurugu tupu ndani, silika isiyo na mpangilio, na hiyo ndiyo inayotakiwa, maana kitu kilichovurugika huwa chepesi kuungana na kingine. Nusu nyingine zilikuwa fuwele, zimejipanga kama askari kwenye gwaride. Silika ikishakuwa fuwele hainyumbuki, haitaki urafiki na chokaa. Na huwa hivyo ikiungua kwa joto kali, nyuzi 800 na zaidi. Lakini mimi nilichoma kwa 700! Kipimo kilisema 700!

Nikaenda karakana na karatasi yangu, nimenuna. Babu akanipokea, akaisoma, yaani akatazama michoro tu, akaniuliza swali moja. "Hizi zilizoharibika, zilikaa nyuma kushoto?"

Nikafungua daftari. Zote. Zote zilikaa nyuma kushoto.

Kumbe koili za mbele za tanuri lile zilishachoka. Za nyuma zinafanya kazi ya wote. Kipima joto kimechomekwa mbele, kinasoma 700, na kona ya nyuma kushoto inakwenda 850. Babu alijua tangu miaka hiyo, kwa sababu vigae vyake vilikuwa vinapinda vikikaa pale. Nikamwambia, "Babu, mwaka mzima unaniangalia tu?" Akasema, "Mwalimu, uliniomba funguo. Hukuniuliza habari za tanuri."

Mnacheka. Mimi sikucheka siku ile. Ila ndipo nikajua jibu la fundi wa Ifakara: kilima kinachochoma polepole ukingoni hutoa majivu yanayoshika, na katikati, kwenye joto lililofungiwa, hutoka majivu meupe mazuri yasiyofaa. Na tena vumbi lake lile la fuwele ni baya kwa mapafu, kwa hiyo vaeni barakoa, msije mkasema hamkuambiwa. Nilimpigia simu. Akasema, "Ahaa. Kwa hiyo nisichukue ya katikati." Basi. Neno moja la shukrani, akakata, alikuwa juu ya ngazi.

Kutoka swali lile moja nimepata wanafunzi wanne wa uzamili na mmoja wa uzamivu. Yule binti niliyemlaumu ndiye wa uzamivu. Kupanda kwangu cheo kote kumetoka kwenye kilima kile cha pumba, na hakuna hata ngazi moja iliyotoka Ulaya.

Mtasema hilo ni la wanyonge wasio na mashine. Twendeni basi kwenye mashine.

Januari 1943, huko Portland, Oregon, Marekani, meli mpya ya mafuta, Schenectady, ilikuwa imefungwa gatini. Bahari imetulia, hakuna dhoruba, hakuna vita pale. Usiku wa baridi ikakatika katikati, kwa mlio uliosikika mbali. Na haikuwa peke yake. Miaka ile ya vita Marekani iliunda meli za Liberty za mizigo zaidi ya 2,700 kwa haraka ya kutisha, zimeunganishwa kwa kuchomelea badala ya ribiti, na nyingi zilipata nyufa. Lawama alibebeshwa nani? Mchomeleaji. Siku zote ni mchomeleaji, au mwanafunzi wa maabara, au fundi wa zege. Ndipo Constance Tipper, mtafiti wa Cambridge, akauliza swali lililoelekea kwenye chuma chenyewe: je, chuma hiki kikipoa, bado ni chuma kile kile? Akaonyesha kwamba kulikuwa na kiwango cha baridi ambacho chini yake chuma cha meli zile hakikunjiki tena, kinavunjika kama glasi. Ufa ukishaanza kwenye meli iliyochomelewa, hauna mahali pa kusimama, unapita bati moja hadi jingine. Mabinti mliokaa pale nyuma, mama huyu aliingia rasmi kwenye waalimu wa kudumu wa idara ya uhandisi ya Cambridge mwaka 1949, mwanamke wa kwanza, naye alishapita miaka 50. Aliishi zaidi ya miaka 100. Msiniambie mmechelewa.

Wapo wetu pia. Askwar Hilonga wa kwetu Tanzania alikwenda Korea Kusini kusomea teknolojia ya nano, ya chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, lakini kichwani alikuwa na maji ya kijijini kwao na magonjwa aliyoyaona utotoni. Kichujio chake cha maji, kinachotumia mchanga pamoja na chembe za nano, kilipata tuzo ya kwanza kabisa ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi ya taasisi ya wahandisi ya Uingereza, mwaka 2015, pauni 25,000. Sossina Haile, mzaliwa wa Addis Ababa aliyekulia Marekani, alichukua chumvi za asidi ambazo wenzake walikuwa wamezitupa. Zilipitisha protoni vizuri, zilifaa kwa seli za kuzalisha umeme kutoka haidrojeni, ila zina kasoro moja: zinayeyuka kwenye maji, na seli hizo huzalisha maji! Sasa utafanyaje? Akaiendesha seli kwenye joto lililozidi nyuzi 100, maji yakatoka kama mvuke, chumvi ikabaki salama. Ukiisikia unasema, ah, hilo hata mimi. Lakini lilichapishwa mwaka 2001 na siyo na wewe.

Na mashine, kwa taarifa yenu, huja kwa mwenye swali. Kuna mitambo mikubwa ya miale inayoitwa sinkrotroni, ukubwa wa uwanja wa mpira na zaidi. Afrika ndiyo bara pekee linalokaliwa na watu ambalo halina hata mmoja. Jordan wanao, SESAME, ulizinduliwa mwaka 2017. Mitambo ya namna hiyo, kwa kawaida, humpa mtafiti muda wa kuutumia bila malipo endapo andiko lake limepita na matokeo atayachapisha. Wanaochagua hawakuulizi una gari gani. Wanasoma swali.

Sasa nigusie daftari, halafu niwaache. Mwenyekiti ananionyesha saa, namwona.

Dan Shechtman, tarehe 8 Aprili 1982, akiwa karibu na Washington kwenye likizo ya utafiti, aliona kwenye darubini ya elektroni kitu ambacho vitabu vyote vilisema hakiwezekani, mpangilio wa fuwele unaojirudia mara kumi ukiuzungusha duara moja. Akaandika kwenye daftari "10 Fold" na alama tatu za kuuliza. Alama tatu! Watu wakamcheka. Kiongozi wa kundi lake alimwomba aondoke. Ilichukua zaidi ya miaka miwili makala kutoka, na Nobeli ikaja mwaka 2011. Angekuwa na tabia ya baadhi yetu, angefuta ile namba akaweka ile ya kitabuni.

Mnafikiri natania? Mnamjua Erasto Mpemba, kijana wa sekondari aliyeuliza kwa nini maziwa ya moto yanaganda kabla ya ya baridi, na darasa zima likamcheka. Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipomsikia kule Iringa, alirudi na kumpa fundi wa maabara jaribio alirudie kwa maji. Makala yao ya mwaka 1969 inasimulia jambo ambalo watu hawalisimulii: fundi alirudi akasema ni kweli, maji ya moto yameganda kwanza, kisha akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi. Jibu sahihi! Wanafizikia mpaka leo wanabishana kuhusu maji yale, waacheni wabishane. Mimi nawauliza ninyi: ni mara ngapi mmerudia jaribio mpaka likatoa jibu la kitabuni, mkalichapa hilo? Na ni mara ngapi mmepokea barua pepe ya jarida lisilojulikana, lipa dola mia mbili tukuchapishie wiki hii, mkashawishika kwa sababu kamati ya kupandisha vyeo inahesabu idadi? Msinijibu. Nami nimeshawishika.

La mwisho linatoka Kagera.

Miaka ya 1970, Peter Schmidt, mwanaakiolojia, na Donald Avery, mhandisi wa metali, walifanya kazi na wazee wa Kihaya magharibi mwa Ziwa Victoria. Wazee hao walikuwa wameyeyusha chuma ujanani. Tangu wakati huo, miongo mingi, hakuna aliyeyeyusha. Chuma cha ng'ambo kilikuwa rahisi kununua. Wakaombwa wajenge tanuri tena. Wakachimba shimo, wakalisiliba kwa udongo wa kichuguu kwa sababu unavumilia moto. Wakalijaza matete ya bwawani yaliyochomwa yakawa makaa. Wakajenga mnara juu, wakaingiza mabomba ya udongo ndani kabisa ya tanuri, wakapiga mivukuto. Bomba likiwa ndani ya moto, hewa inapashwa kabla haijafika kwenye makaa. Ilitoka nini? Chuma chenye kaboni, chuma cha pua. Na mabaki yaliyochimbwa yalionyesha kwamba mafundi wa pale walikuwa wakifanya kazi ya namna hiyo miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Makala ilitoka kwenye jarida la Science mwaka 1978. Wataalamu wengine walipinga ile habari ya kupasha hewa, wakajibizana majaridani, na ndivyo sayansi inavyokwenda.

Lakini mimi nikiisoma, simtazami Schmidt wala Avery. Nawatazama wale wazee wanaokumbushana. Bomba liingie kiasi gani? Matete yachomwe mpaka wapi? Mmoja anasema hivi, mwingine anasema sivyo. Maarifa ya karne nyingi, yamebaki kwenye vichwa vya watu wachache wenye mvi, kwa sababu kwa kipindi cha umri wa mtu mmoja hakuna kijana aliyekaa karibu na tanuri. Mmoja wao angefariki mapema kidogo, pengine bomba lingeingizwa pungufu, na sisi tungeambiwa Wahaya hawakujua kitu.

Kwa hiyo nina tangazo.

Babu yuko hapa. Mstari wa tatu, shati la bluu. Babu, simama wakuone. Nampigia makofi, nanyi mpigieni.

Babu anastaafu Juni. Tanuri letu tumelibadilisha koili mara mbili na bado lina tabia zake, kuna kona ya kauri na kona ya majivu, kuna sauti linalotoa kabla halijakata fyuzi, na hakuna hata moja kati ya hayo lililoandikwa popote. Nimejaribu kumhoji na simu, nikarekodi dakika arobaini za ukimya. Yeye huongea mikono ikiwa na kazi. Tumekubaliana Jumatatu na Alhamisi, saa nane mchana, mlango wa nyuma wa karakana utakuwa wazi kwa yeyote, awe ana GPA ya 3.8 au hana. Leteni kitu cha kwenu cha kuchoma, udongo wa kwenu, pumba, maganda ya korosho, chochote mnachokishangaa. Njooni na daftari na msumari. Maki peni acheni nyumbani.